Gari la Jumapili na Ahadi Yake



Mpwa wangu ni muuguzi katika hospitali moja huko Uingereza. Kwa muda wa miaka mitatu alikusanya fedha na vyuma, akaifufua Morris Minor ya mwaka 1967, gari la aina ile ile ambayo wazee wa parishi hii wanaikumbuka ikipanda vilima huku imejaa vitabu vya shule na kuku. Analo gari jingine la kila siku. Hivi karibuni gari hilo la kila siku liliharibika giaboksi, na fundi akasema litakaa kwake siku tisa. Ndipo mpwa wangu akaniandikia: "Mjomba, shikamoo. Morris iko nyumbani, inatembea vizuri, ina bima. Lakini bima yake yasema si ya kwendea kazini. Je, nikiiendesha siku hizi tisa tu, nitakuwa nimemkosea nani?"

Nililitaja swali hili wakati wa chai baada ya ibada, na karibu wote walicheka. Mmoja alisema kampuni za bima zina majumba ya ghorofa ishirini, haziwezi kufilisiwa na Morris moja. Mwingine alisema maadam amelipa, amelipa. Mimi sikucheka. Nimefundisha walimu miaka mingi, na najua ya kuwa swali dogo linalochekwa na watu wazima aghalabu ndilo lenye mzizi. Kijana hakuuliza, "Nitakamatwa?" Aliuliza, "Nitamkosea nani?" Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na hilo la pili ndilo ningependa tulifikiri pamoja.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaotunza magari ya zamani, si kwa kukosa mapya, bali kwa kuipenda kazi ya mikono ya siku zile. Hata kwetu hawakosekani. Aliyepata kufika Ngong Racecourse, Nairobi, siku ya Concours d'Elegance ameyaona yamepangwa juu ya nyasi yakimeremeta kama vyombo vya harusi. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano ya East African Safari Classic Rally, ya magari ya zamani, kwa ukumbusho wa Safari ile iliyoanza mwaka 1953.

Gari la namna hii hukatiwa bima ya peke yake, na bima hiyo mara nyingi ni rahisi kuliko ya gari la kawaida. Urahisi huo una sababu. Kampuni imekaa ikapiga hesabu: mwenye gari la ukumbusho hulitoa siku ya jua, huliendesha polepole, hulirudisha kabla ya giza, na huliosha kwa mkono kama mtoto mchanga. Gari lisilotoka mara nyingi haligongwi mara nyingi. Kwa hiyo kampuni yasema: nitakutoza kidogo, nawe uniahidi kwamba kweli gari lako litaishi maisha hayo.

Hapo ndipo yanapokuja masharti ya matumizi. Huko Uingereza mwenye gari huchagua idadi ya maili atakazokwenda kwa mwaka, pengine 1,500, pengine 3,000 au 5,000, na kila idadi ina bei yake. Huko Marekani kampuni nyingi hutaka kila mwenye leseni katika nyumba ile awe na gari jingine la shughuli za kila siku. Hutakiwa pia gari lilale usiku ndani ya banda lenye kufuli (nasema banda, kwa maana kwetu ukisema gereji mtu hufikiri fundi na mafuta machafu). Halipelekwi kazini, halikodishwi, halibebi watu kwa malipo, wala halishindani kwa mwendo. Huruhusiwa maonyesho, safari za chama cha wenye magari kama hayo, na matembezi ya siku ya mapumziko.

Kwa upande wa pili mwenye gari hupata jambo kubwa. Gari la kawaida likiharibika kabisa, kampuni hulipa bei yake ya sokoni siku ile, na kila mwenye gari anajua jinsi bei hiyo inavyoshuka mwaka hata mwaka. Gari la ukumbusho laweza kukatiwa bima kwa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo. Mwenyewe huleta picha na maelezo, pande mbili hupatana, tuseme pauni 9,000, na gari likiteketea hulipwa 9,000 hizo bila kuambiwa ya kwamba ni chuma cha miaka karibu sitini. Kampuni imeliamini neno lake juu ya thamani. Na juu ya matumizi pia imemwamini.

Nimelitumia neno "imemwamini" kwa makusudi. Ni nani atakayezihesabu maili za Morris? Huko Uingereza gari lililopita miaka 40, ikiwa halikubadilishwa sana, halitozwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kwenda katika ukaguzi wa kila mwaka. Katika ukaguzi huo ndipo maili za magari mengine huandikwa. Kwa hiyo hakuna jicho la serikali linaloisoma mita ya Morris ya mpwa wangu. Jirani haijui hati yake ya bima, na mkuu wake wa kazi hajali amefika kwa gari gani. Nimependa kulizungumza jambo hili kwa sababu hiyo hasa: ni ahadi isiyo na askari.

Sasa, nani anakosewa? Jibu la haraka ni "kampuni", na naona jibu hilo ndilo linalowafanya watu wacheke, maana ni vigumu kuihurumia kampuni. Lakini tuangalie fedha zenyewe zinatoka wapi. Sote twakijua chama cha kuzikana. Kila nyumba hutoa mchango kwa kadiri ya idadi ya watu wake, na siku ya msiba fedha hutoka katika kasha lile. Mtu akiandikisha watu wanne, kumbe ana tisa, hamwibii mtunza kasha. Mtunza kasha hana chake pale. Anawaibia wajane na vibarua walioandikisha hesabu ya kweli.

Bima ya magari ni kasha hilo hilo, ila lina makaratasi mengi. Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme wako wenye magari ya Jumapili mia moja, na kila mmoja ametoa pauni 120. Kasha lina pauni 12,000. Kumi kati yao huenda kazini kila siku kimya kimya, na kwa matumizi hayo bei yao ya haki ingekuwa pauni 300. Hao kumi wametoa 1,200 mahali pa 3,000. Pengo ni 1,800. Ajali za asubuhi zikitokea, pengo hilo litazibwa na nani? Litazibwa na wale tisini, kwa kupandishiwa bei mwaka ujao pauni 20 kila mmoja. Hawatajua kwa nini. Wataambiwa tu ya kuwa gharama zimepanda. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha wachache chaweza kujazwa vivyo hivyo kutoka katika mifuko ya wengi.

Mtu atasema: lakini kama hakugonga, hakuna aliyepata hasara. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Hata hivyo nafikiri imekosea mahali pamoja. Kinachouzwa katika bima si ajali, ni kubebewa hatari. Mfikirie hamali aliyepatana nawe kubeba gunia la kilo hamsini, kisha akiwa hatazami ukamtwisha la tisini. Akifika salama, je, gunia limekuwa la hamsini? Amebeba tisini kwa ujira wa hamsini. Muuguzi anayeendesha saa kumi na mbili asubuhi katika ukungu, barabarani pamoja na watu wote wenye haraka, akitoka zamu ya usiku macho mazito, amewatwisha wenzake mzigo ambao hawakupatana naye, hata kama mwaka mzima hapatikani mkwaruzo.

Tena yuko mtu mwingine ambaye hakutia sahihi mahali popote: yule wa kando ya barabara. Sheria hulazimisha bima kwa ajili yake, kwetu kwa Sura ya 405, na huko Uingereza kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1988. Aendeshaye gari kwa matumizi yasiyotajwa katika hati yake huko huweza kuhesabiwa kama aendeshaye bila bima. Adhabu ya papo kwa papo ni pauni 300 na alama 6 katika leseni, na polisi waweza kulichukua gari. Aliyegongwa hataachwa hivi hivi. Yawezekana kampuni ikalazimika kumlipa, kisha ikamgeukia mwenye gari kumdai. Na isipokuwapo bima yoyote, kiko chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kilichoanzishwa mwaka 1946, ambacho hulipa kwa fedha zitolewazo na kampuni zote za bima ya magari. Na kampuni huzitoa wapi? Tumerudi kwenye kasha lile lile, na safari hii ni la kila mwenye gari katika nchi nzima.

Ndugu aliyetaja ghorofa ishirini atasema nimeisemea kampuni. La, hasha. Uaminifu katika bima tangu zamani ulidaiwa pande zote mbili, na nitatoa mfano. Katika karne ya kumi na nane Gavana Carter alikuwa mkuu wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza huko Bencoolen, katika kisiwa cha Sumatra. Alikatiwa bima huko London ya kwamba ngome ikitekwa na adui kutoka Ulaya alipwe. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Bwana Boehm, aliyeikubali bima ile, akakataa kulipa, akidai ya kuwa Gavana alificha udhaifu wa ngome. Mwaka 1766 Jaji Lord Mansfield alieleza kwamba bima husimama juu ya nia njema, na nia njema yamkataza kila upande kuficha anachokijua peke yake ili kumvuta mwenzake katika mapatano asiyoyaelewa. Maneno hayo hutajwa hata leo dhidi ya wakata bima. Wengi husahau mwisho wa kesi: Gavana ndiye aliyeshinda. Bwana Boehm, akiwa London, alizijua habari za vita kama Gavana au kumzidi. Alipokea fedha, akanyamaza, akangoja hasara ndipo alalamike.

Kwa muda mrefu baadaye kampuni ziliutumia uamuzi ule kama fimbo. Kosa dogo katika fomu, hata lisilohusiana na ajali, lilitosha kunyima malipo yote. Waingereza wamelirekebisha jambo hilo siku hizi. Kwa sheria ya mwaka 2012, mtu wa kawaida akatapo bima hudaiwa tu kujibu maswali kwa uangalifu bila kupotosha. Akipotosha kwa kusudi, kampuni yaweza kuivunja bima yote. Akikosea kwa uzembe tu, hulipwa kwa kadiri ya alichotoa: aliyelipa 120 ilipokuwa haki yake kulipa 300 atapata mbili ya tano za madai yake. Mimi kama mwalimu wa hesabu naiona sheria hiyo kuwa nzuri sana. Na ya mwaka 2015 yasema kwamba sharti lililowekwa kuzuia hasara ya namna fulani lisitumiwe kukataa hasara isiyoweza kuletwa na kuvunjwa kwa sharti hilo. Gari lililoahidiwa kulala chini ya kufuli, likigongwa mchana njiani kwenda maonyesho, kampuni haiwezi kusema, "Lakini kufuli lilikuwa bovu." Sharti la matumizi lakini ni kitu kingine. Hilo halizungumzi juu ya namna moja ya hasara. Linaeleza ni kitu gani kilichokatiwa bima tangu mwanzo. Gari la Jumapili likipelekwa kazini kila siku, ni gari jingine.

Hapa yafaa nitaje magari ya nakala, kwa maana hayo yana jaribu lake. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua gari dogo la kampuni ya Kiingereza AC, akalitia injini kubwa ya Ford, likaitwa Cobra. Mpaka 1967 yalitengenezwa kama elfu moja tu. La kwanza kabisa liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2016 kwa dola milioni 13.75. Basi si ajabu kwamba watu wengi hujitengenezea mfano wake, kwa chesisi mpya na bodi ya faibaglasi, na mifano hiyo sasa ni mingi kuliko yale ya asili mara nyingi. Kule Marekani iko sheria ya mwaka 2015 inayowaruhusu watengenezaji wadogo kuuza hadi magari 325 kwa mwaka yanayofanana na magari ya miaka 25 au zaidi iliyopita.

Nakala yenyewe si uongo. Seremala anayeiga mlango wa Lamu hamdanganyi mtu mpaka auuze kwa jina la mlango wa miaka mia mbili. Uongo huanzia katika fomu, mahali palipoandikwa "mwaka wa gari" na "injini". Mwenye nakala apaswa kuandika kuwa ni nakala, aseme ni nani aliyeiunga na injini gani imo ndani, na thamani yake ihesabiwe kwa risiti za vifaa na kazi. Akinyamaza ili ionekane kuwa ya asili, ametaka kulipwa kwa kitu asicho nacho. Akinyamaza juu ya ukubwa wa injini, amelificha gunia la tisini. Na jaribu la pili ni hili: kwa kuwa si gari la thamani ya makumbusho, mwenyewe haoni uchungu wa kulitoa kwenye mvua, basi polepole huwa gari lake la kila siku, hali hati yasema la Jumapili. Hatungi uongo wowote, ni mazoea tu yaliyomchukua. Katika maisha yangu nimeona ahadi nyingi zikifa kwa njia hiyo kuliko kwa kuvunjwa kwa kusudi.

Vipi basi siku tisa za mpwa wangu? Nilimjibu kwamba simu ipo. Kampuni nyingi huweza kuongeza matumizi ya kwenda kazini kwa muda, kwa nyongeza ya fedha, au husema haziwezi, na hapo mtu hupanda basi. Simu hiyo ya dakika kumi ndiyo tofauti yote. Aliyeuliza na kulipa nyongeza ameendesha gari lile lile, barabara ile ile, siku zile zile tisa, wala hakumtwisha mtu mzigo wa siri. Watu husema sharti ni sharti kana kwamba ni ukuta. Mimi naliona ni mlango wenye mtu nyuma yake, na watu wengi hawagongi kwa kuogopa kuambiwa bei.

Dharura ni jambo jingine. Jirani akipata uchungu wa kuzaa saa nane za usiku na Morris ndiyo gari pekee linalowaka, mpeleke. Usikae kusoma hati. Asubuhi iambie kampuni ulichofanya, na kama itakutoza au kukukemea, vumilia. Ninachokikataa ni kuyaita mambo ya kila Jumatatu kuwa ni dharura.

Yako pia mambo ya katikati, ambayo mtu mwema aweza kuyakosea. Kuendesha mpaka stesheni, kuliacha gari pale na kupanda treni ya kwenda kazini, kampuni za Uingereza kwa kawaida huhesabu kuwa ni kwenda kazini, ijapokuwa gari halikuuona mlango wa ofisi. Kuja kanisani siku ya Jumapili ni matumizi ya nyumbani, hakuna shaka. Ila Mchungaji wetu akizunguka makanisa matatu asubuhi hiyo hiyo yumo kazini, na gari la Jumapili kwake ndilo gari la kazi kuliko yote! Namwomba asichukizwe na mzaha huu. Lakini aitazame hati yake.

Nalaumu sana lugha za hati hizi. Huko Uingereza matumizi ya kawaida huitwa ya kijamii, ya nyumbani na ya starehe. Mtu wetu akisikia gari la starehe atafikiri baa. Hati nyingi nilizopata kuziona hapa kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, nazo hupewa watu wanaofikiri na kusali kwa Kiswahili. Wakala hupokea fedha, huonyesha mahali pa kutia sahihi, husema "tayari". Nani ameahidi nini hapo? Ahadi ni deni, lakini deni ambalo mdaiwa hakuambiwa kiasi chake lina kasoro kwa mdai pia. Kampuni itakayo kushika watu kwa neno lao yapaswa kwanza kuhakikisha kwamba neno limeeleweka. Na hilo haliwaondolei wajibu wale wanaoelewa vizuri kabisa, na ambao hujificha nyuma ya wasioelewa.

Sasa nije karibu na nyumbani, kwenye harusi. Wako katika parishi hii wenye Mercedes na Peugeot za zamani zilizotunzwa, na kila msimu huombwa zimbebe bibi arusi. Ni jambo jema, nami nalipenda. Magari hayo yana bima ya matumizi ya binafsi, na hati za namna hiyo kwa kawaida hukataza kukodisha na kubeba watu kwa malipo. Mwenye gari akimbeba bibi arusi bure, kama mjomba ambebavyo mtoto wa dada yake, hapana neno. Kamati ya harusi ikiandika katika makadirio yake "gari la maharusi" na bei mbele yake, basi hiyo ni kazi ya kukodisha, hata wakiiita asante.

Na ile bahasha ya mafuta? Hapa watu huuliza kwa dhati, na jibu si jepesi. Sheria ya Uingereza niliyoitaja, ya 1988, imejaribu kupima: katika gari la abiria wasiozidi wanane, wasafiri wakichangia gharama za safari, pamoja na kuchakaa kwa gari, na jumla isizidi gharama hizo, na mpango umefanywa kabla ya safari kuanza, huko si kubeba watu kwa malipo. Sheria hiyo si yetu na haitulindi hapa. Lakini kipimo chake chanipendeza kwa kufikiri, kwa sababu hakiulizi bahasha inaitwaje. Chauliza kama kuna faida ndani yake. Shilingi elfu mbili za mafuta yaliyochomwa ni mafuta. Elfu kumi na tano kwa mwendo wa kilomita sita si mafuta, na mwenye gari anajua, na mweka hazina wa kamati anajua.

Kumbukeni ni nani waliomo ndani ya gari lile: maharusi wawili, msimamizi, na mtoto wa maua ambaye aghalabu hukalishwa magotini. Jambo baya likitokea njiani, baba wa bibi arusi hatauliza habari za Lord Mansfield. Atauliza kama gari lilikuwa na bima.

Harusi za Desemba ziko nyingi mwaka huu. Naziomba kamati kabla ya kuomba gari zimwulize mwenyewe aisome hati yake pamoja nao, na pasipoeleweka amwendee wakala, apate jibu la maandishi. Kama kampuni itakubali harusi moja kwa nyongeza kidogo, kamati ilipe nyongeza hiyo waziwazi, iandikwe kwenye makadirio chini ya maua na juu ya keki. Kama itakataa, basi gari liende bure, au bibi arusi aje kwa gari lenye hati ya kukodishwa, hata kama si zuri katika picha.